Tuzo, Ada na Mrabaha: Historia ya Malipo ya Muziki na Redio za Intaneti katika Meru na Embu

Utangulizi

Waswahili husema, "Mcheza kwao hutuzwa." Methali hii imezoeleka mno hata mara nyingi twaisahau maana yake ya kwanza. Yaeleza kwamba mtu achezaye ngoma mbele ya watu wanaomjua, watu hao humpa kitu. Anayetuza humwona anayetuzwa, na kati yao hapana mtu wa tatu, wala daftari, wala leseni. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi yaliyotukia baada ya malipo ya muziki kuondoka katika uwanja wa ngoma yakaingia katika sheria, kisha katika redio, na mwishowe katika redio za intaneti. Eneo tutakalolichunguza ni Meru na Embu, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lahusuje jarida la lugha? Sababu ni mbili. Kwanza, mjadala wenyewe umetatanishwa na maneno. Malipo ambayo kituo kidogo cha redio hudaiwa, na malipo ambayo mwimbaji huyangojea, huitwa kwa jina moja, hali ni vitu viwili tofauti. Pili, fedha zilizokusanywa haziwezi kumfikia mwimbaji mpaka jina la wimbo wake liandikwe na lisomeke. Katika lugha ambazo tahajia yake haijatulia, hilo ni tatizo la isimu kabla ya kuwa tatizo la sheria. Hoja yetu ni kwamba katika Meru na Embu kituo cha intaneti hutakiwa kulipa ada, mwimbaji huahidiwa mrabaha, na kiungo kinachokosekana baina ya hayo mawili ni orodha sahihi ya nyimbo zilizopigwa.

Maneno matatu

Yafaa kwanza tuyatenge maneno matatu ambayo Kiswahili kinayo tayari. Tuzo ni zawadi apewayo mtu kwa ustadi wake. Halina kiwango, na hutolewa kwa furaha ya mtoaji. Ada ni malipo yanayotakiwa na desturi au kanuni. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mazoea, na katika Kiswahili mganga ana ada yake, na harusi ina ada zake. Ada hulipwa ili jambo liruhusiwe kufanyika. Haimwulizi mlipaji kama amepata faida au amepata hasara. Mrabaha, kwa upande mwingine, umetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya faida, ule ule uliozaa istilahi ya murabaha katika biashara ya Kiislamu. Kwa hiyo mrabaha, kwa maana yake ya asili, ni sehemu ya faida. Huja baada ya kazi kuleta pato, nao hupimwa kwa pato hilo.

Katika Tanzania neno mirabaha limekwisha kuenea katika sheria na magazeti, kwa muziki, vitabu na hata madini. Katika Kenya watu wengi hutumia neno la Kiingereza, au husema tu "pesa za muziki". Upungufu huo si wa msamiati peke yake. Pale ambapo neno moja hutumika kwa kila malipo, hapana anayeona kwamba malipo yamebadilika tabia njiani, yakaanza kama ada na yakatarajiwa kufika kama mrabaha.

Kutoka London hadi Nairobi

Wakati wa ukoloni Kenya ilitumia sheria za hakimiliki za Uingereza. Baada ya uhuru Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya 1966, iliyojulikana kama Sura ya 130. Mwaka huo huo Kenya iliingia katika Mkataba wa Hakimiliki wa Ulimwengu. Mwaka 1976 ikaingia katika mkataba wa kulinda santuri. Na mwaka 1993 katika Mkataba wa Berne. Kwa maandishi, basi, mtunzi wa Meru alikuwa na haki zake tangu mapema. Lakini haki isiyokuwa na mkusanyaji ni kama shamba lisilokuwa na njia. Kwa muda mrefu kazi ya kukusanya malipo ya watunzi ilikuwa mikononi mwa chama cha PRS chenye makao yake London. Chama cha kitaifa, yaani Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983.

Wakati huo redio ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Serikali. Ilitwaliwa na Serikali mwaka 1964 ikaitwa Sauti ya Kenya, na jina hilo likadumu mpaka mwaka 1989, liliporejeshwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mbali na Kiswahili na Kiingereza, redio hiyo ilitoa saa maalum kwa lugha nyingine za nchi, Kimeru kikiwa mojawapo. Mwanamuziki wa Meru au Embu alisafiri hadi Nairobi, aghalabu katika maduka na studio za River Road, akarekodi santuri na baadaye kanda, kisha akangojea wimbo wake upigwe katika saa hizo chache. Kwake yeye faida ya redio ilikuwa kujulikana tu. Pato lilitoka katika kuuza santuri na kucheza katika kumbi.

Suala la muziki wa nyumbani dhidi ya muziki wa nje lilikwisha kuzuka zamani hizo. Mwezi Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu. Mwaka 1982 iliundwa Tume ya Rais ya Muziki wa Taifa chini ya uongozi wa Washington Omondi, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1984. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kuanzishwa kwa MCSK na kazi ya Tume hiyo vilikuwa vya wakati mmoja. Swali la nani alipwe na swali la muziki gani usikike yalizaliwa pamoja. Baadaye yalitenganishwa, la kwanza likaachiwa wanasheria na la pili likaachiwa wanautamaduni. Hasara ya mtengano huo ndiyo tunayoiona sasa.

Mawimbi ya FM na lugha za nyumbani

Ukiritimba wa Serikali ulivunjika katika miaka ya 1990, kituo cha Capital FM kikitangulia mwaka 1996. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa karne hii, vikafuata vituo vya watu binafsi vilivyotangaza kwa lugha moja ya nchi, Kameme FM cha Kikuyu kikiwa mfano wa awali. Katika eneo letu hii leo husikika Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, vyote viwili vya kampuni ya Royal Media Services. Mwago FM cha KBC. Meru FM na Weru FM. Katika Tigania kuna redio ya jamii iitwayo Mugambo Jwetu, yaani "Sauti Yetu". Lugha ambayo zamani ilikuwa na saa chache kwa siku sasa ina vituo vinavyoitangaza usiku na mchana.

Wakati huo huo sheria nayo ilibadilika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika mwezi Februari 2003, iliunda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na kuipa kazi ya kutoa leseni kwa vyama vya kukusanya malipo. Pamoja na MCSK ya watunzi na wachapishaji, vikatokea KAMP ya watayarishaji na PRISK ya waimbaji na wapigaji ala. Msingi wa mgawanyo huo ni kwamba wimbo uliorekodiwa una haki tatu ndani yake: ya aliyeutunga, ya aliyeuimba au kuupigia ala, na ya aliyegharamia kuurekodi. Katika muziki wa Meru na Embu watu hao watatu mara nyingi ni mtu mmoja, aliyetunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, na kulipia studio kwa fedha za mazao yake. Hata hivyo sheria yamhesabu mara tatu, na kituo chatakiwa kukidhi haki zote tatu. Baadaye vyama hivyo vilijaribu kukusanya kwa pamoja ili kumpunguzia mlipaji usumbufu.

Historia ya vyama hivyo imekuwa na misukosuko. Mwaka 2017 KECOBO ilikataa kuendeleza leseni ya MCSK, ikakipa leseni chama kingine kilichoitwa MPAKE. Jambo hilo likaingia mahakamani, na MCSK ikarejea. Mwezi Agosti 2021 Bodi ilizifuta leseni za vyama vyote vitatu, na mabishano hayakuishia hapo. Hatukusudii kuamua nani alikuwa na haki. Lililo muhimu kwa makala haya ni matokeo yake kwa mlipaji mdogo. Kampuni kubwa ya utangazaji ina wanasheria wa kuieleza ni nani wa kulipwa mwaka huu. Mtu mmoja mwenye kompyuta na kipaza sauti katika chumba cha kupanga mjini Chuka hana.

Mfano wa Marekani

Kabla ya kufika katika redio za intaneti za eneo letu, inafaa tutazame nchi ambako ugomvi wa malipo na redio hizo ulipiganwa mapema na hadharani, ili tuone ni wapi hali yetu yafanana na yao na ni wapi yatofautiana.

Katika Marekani redio ya mawimbi humlipa mtunzi, lakini hailazimiki kumlipa mwenye rekodi. Sheria za 1995 na 1998 ziliweka haki mpya kwa wenye rekodi katika utangazaji wa kidijitali, na kwa hiyo redio ya intaneti ikajikuta ikidaiwa malipo ambayo redio ya mawimbi haidaiwi. Mwezi Juni 2002 kiwango kiliwekwa kuwa senti 0.07 ya dola kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Kwa sikio hicho ni kiasi kidogo sana. Lakini tukichukua kituo kinachopiga nyimbo 15 kwa saa mbele ya wasikilizaji 100 tu, usiku na mchana, hesabu yafika dola 9,198 kwa mwaka. Mwaka 2007 halmashauri ya viwango ilitangaza kwamba kiwango kitapanda hatua kwa hatua mpaka senti 0.19 ifikapo mwaka 2010. Kwa kituo kile kile hiyo ni karibu dola 25,000. Tarehe 26 Juni 2007 vituo vingi vilinyamaza siku nzima ili wasikilizaji waonje kimya kitakachowafikia. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria za kuruhusu mapatano mwaka 2002, 2008 na 2009, na vituo vidogo vikaruhusiwa kulipa sehemu ya mapato yao badala ya kulipa kwa hesabu ya masikio. Nafuu hiyo ilipokwisha mwishoni mwa 2015, Live365, iliyohifadhi maelfu ya vituo vidogo, ilifunga mwezi Januari 2016. Ilifufuliwa mwaka 2017 chini ya mmiliki mwingine.

Somo la Marekani ni hili: pale kila wimbo na kila msikilizaji huhesabiwa, malipo yaweza kuwa mrabaha wa kweli kwa mwimbaji, lakini bei isipolinganishwa na pato huwaua wadogo. Kituo kidogo hupatwa na adhabu ya kupendwa, kwa kuwa msikilizaji mmoja zaidi ni gharama zaidi kabla ya kuwa pato.

Redio za intaneti za Meru na Embu

Katika Kenya njia ilifunguka mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS za chini ya bahari zilipofika Mombasa na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Tangu hapo vituo vya FM vimejiongezea masikio kwa njia ya intaneti, na watu binafsi nao wakaweza kuanzisha redio bila kuomba mawimbi. Faida yake kwa lugha zetu ni kubwa. Kwa hesabu ya watu ya 2019 Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714, Embu 608,599 na Tharaka-Nithi 393,177. Ndani ya idadi hiyo mna Kimeru chenye lahaja zake, kama vile Kiimenti, Kitigania na Kiigembe, mna Kitharaka, mna Kiembu na Kimbeere. Guthrie aliziweka lugha za huku katika kundi la E50, Kiembu kikiwa E52, Kimeru E53 na Kitharaka E54. Soko la matangazo ya biashara kwa Kimbeere au Kitharaka peke yake ni dogo, na mfanyabiashara hatajenga mlingoti wa FM kwa ajili yake. Redio ya intaneti haina mlingoti, na yaweza kumfikia msemaji wa Kitharaka aliye Nairobi, Dubai au Texas. Lugha ndogo yaweza kukusanya wasikilizaji wake waliotawanyika wakawa hadhira moja.

Lakini kituo cha namna hiyo hakikwepi sheria ya muziki. Kwa sheria ya Kenya utangazaji ni utangazaji, uwe kwa waya au bila waya. Kituo chatakiwa kupata leseni ya jumla, ambayo hutolewa kwa mwaka na humruhusu mlipaji kupiga muziki wote ulio chini ya chama husika. Leseni hiyo ina fadhila ambayo haifai kupuuzwa. Santuri nyingi za Kimeru na Kiembu za miaka ya 1970 na 1980 hazina wa kuulizwa. Mwimbaji amekufa, kampuni imefungwa, jamaa hawajulikani waliko. Pasipokuwa na leseni ya jumla hapana njia halali ya kuzipiga, na nyimbo hizo ni hazina ya msamiati, ya mafumbo na ya matamshi ambayo vijana hawana tena.

Ubaya wake ni kwamba malipo yake ni ada. Kituo kinachopiga nyimbo za Kitharaka tupu hulipia ruhusa ya kupiga muziki wa dunia nzima. Pato lake, kama lipo, ni tangazo la mbegu, tangazo la harusi, na michango ya wasikilizaji kwa simu. Tena leseni ya Kenya yahusu Kenya, hali msikilizaji aliye ng'ambo yuko chini ya sheria nyingine, na hapana kituo kidogo kiwezacho kufuata sheria za kila nchi aliko msikilizaji wake.

Mbele ya hali hiyo mwenye kituo ana njia nne. Yaweza kuwa atalipa, na kufidia kwa kupunguza watangazaji. Yaweza kuwa ataacha muziki na kujaza saa kwa mazungumzo. Yaweza kuwa atapiga nyimbo zile tu ambazo waimbaji wenyewe wamemletea na kumpa idhini, hasa nyimbo za dini. Au atapiga bila leseni, akitumaini kwamba hatasikika na wale asiotaka wamsikie. Mwanaisimu atafurahia njia ya pili, kwa kuwa mazungumzo hukuza lugha. Lakini njia ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote kwa mtu mwaminifu, huondoa hewani nyimbo za zamani zisizokuwa na wa kuziombea idhini. Kwa hiyo ada iliyowekwa kumlinda mwimbaji huishia kumnyamazisha mwimbaji aliyekufa. Njia ya nne haimlipi mwimbaji yeyote.

Wako watetezi wa vituo vidogo wasemao kwamba mwimbaji hana haki ya kudai, kwa kuwa redio humtangaza bure. Hoja hii hatuikubali. Mkulima wa miraa wa Igembe hamwachii mchuuzi kitita chake bure kwa sababu mchuuzi ameusifu mmea wake sokoni. Mwimbaji ana haki ya kulipwa, na kituo kidogo kina haki ya kuishi. Tatizo ni kwamba mfumo uliopo waweza kukibana kituo pasipo kumlisha mwimbaji.

Jina la wimbo

Twaja sasa katika kiungo kinachokosekana. Ili ada igeuke kuwa mrabaha, chama hakina budi kujua nyimbo gani zilipigwa. Masharti ya KECOBO ni kwamba gharama za chama zisizidi asilimia 30 ya makusanyo, na asilimia 70 iwaendee wenye haki. Lakini asilimia 70 itagawanywaje ikiwa majina hayapo? Mwaka 2019 jibu lilionekana kwa wote, pale wanachama wa MCSK walipopokea shilingi 2,530 kila mmoja. Aliyepigwa kila asubuhi na asiyepigwa hata mara moja walipata sawa. Kwa maneno tuliyoyatenga, huo haukuwa mrabaha, kwa kuwa haukupimwa kwa pato la kazi. Ulikaribia kuwa tuzo, lakini tuzo lisilomtazama aliyecheza.

Kwa muziki wa Kiingereza au wa Kiswahili, mashine zaweza kuutambua wimbo, au mtangazaji ataliandika jina lake bila shaka. Hali ni nyingine kwa lugha zetu. Kimeru na Kiembu zina vokali saba, na alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za vokali. Vokali mbili zilizobaki huandikwa kwa alama juu ya i na u. Wamisionari wa CMS walifika Kigari katika Embu mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga mwaka 1912, na Waskoti Chogoria mwaka 1922. Kila misheni ilikuwa na wasomaji wake, lahaja yake na mazoea yake ya uandishi. Hata jina la lugha yenyewe twaliona likiandikwa Kĩmĩĩrũ, Kĩmĩrũ, Kimiiru na Kimeru.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wimbo una jina linaloanza na neno mũgambo, yaani sauti. Mwimbaji alipousajili aliandika kwa alama. Mtangazaji wa Embu hana alama hiyo katika simu yake, akaandika mugambo. Mtangazaji wa pili hajui jina lenyewe, akaandika maneno ya kiitikio. Wa tatu ameandika jina la mwimbaji peke yake, kwa lakabu. Kwa msikilizaji wimbo ni mmoja. Kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, hizo ni nyimbo nne, na tatu kati yake hazina mwenyewe. Fedha zake huingia katika fungu la zisizotambuliwa. Hapo hapana mwizi aliyetajwa wala afisa aliyelala. Herufi moja imetosha kumnyima mtu jasho lake.

Kwamba tatizo ni la utambulisho, twaliona kwa kulinganisha na miito ya simu ya Skiza. Huko kila wimbo una nambari, mteja huchagua kwa nambari, na alama juu ya herufi haimdhuru mtu. Ndiyo sababu Sheria ya Marekebisho ya 2022 iliweza kuweka kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya pato la miito hiyo, kwa kuwa pato la kila wimbo lajulikana. Redio ya intaneti nayo yaweza kufanya vivyo hivyo kwa urahisi kuliko FM, kwa kuwa kompyuta inayopiga wimbo yaweza kuandika wimbo gani ulipigwa, saa ngapi, na ulisikilizwa na wangapi. Tena ipo nambari ya kimataifa ya rekodi, iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Wimbo uliopewa nambari hiyo hutambulika hata jina lake likikosewa. Nyimbo mpya zinazopelekwa katika maduka ya mtandaoni huwa nayo. Santuri na kanda za zamani hazinayo, na ndizo zinazohitaji msaada zaidi.

Yasisahauliwe pia yasiyokuwa na mtunzi mmoja: nyimbo za jando, za mavuno, na ngoma mashuhuri za Wachuka. Hizi hazina mrabaha wa mtu, bali Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi imezitambua kuwa mali ya jumuiya. Mwimbaji wa leo akichukua wimbo wa jadi na kuurekodi, ni nani atakayesema sehemu gani ni yake na sehemu gani ni ya ukoo? Mwanasheria hawezi kujibu swali hilo bila kumwuliza mwanafasihi simulizi.

Hitimisho

Tumeona kwamba malipo ya muziki yalianza kama tuzo la ana kwa ana, yakawa ada inayolipwa kwa chama, na yakaahidiwa kuwa mrabaha. Katika Marekani redio za intaneti ziliumizwa na hesabu kali isiyojali pato. Katika Meru na Embu zaumizwa na ada isiyokuwa na hesabu. Dawa ya kwanza, basi, ni kwamba kituo kidogo kilipe sehemu ya pato lake halisi, na badala ya kima cha chini kidaiwe kitu ambacho ni rahisi kwake na cha thamani kwa mwimbaji, yaani orodha kamili ya nyimbo zilizopigwa. Dawa ya pili ni kwamba vyama vitangaze hadharani majina yasiyotambuliwa, ili wenyewe wajitokeze.

Dawa ya tatu yatuhusu sisi. Idara za lugha zina wanafunzi watokao Igembe, Mwimbi, Tharaka, Mbeere na kwingineko, ambao kila mwaka huandika tasnifu juu ya nyimbo hizi. Zingeweza kuandaa sajili ya nyimbo zilizorekodiwa kwa lugha hizo, kila wimbo ukiwa na kidahizo kimoja, na chini yake tahajia zote zinazojulikana, kiitikio, lakabu za mwimbaji na mwaka wa santuri. Kazi hiyo ni ya kileksikografia kama kamusi yoyote, tena matokeo yake yangesomwa na watu ambao hawajapata kufungua jarida hili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, yaitaka Serikali kukuza hakimiliki za wananchi, na katika kifungu cha 7 yaitaka kukuza lugha zao. Sajili kama hiyo ingetumikia vifungu vyote viwili.

Mwisho, watafsiri wa sheria na wakufunzi wa istilahi wasikubali ada na mrabaha yawe neno moja. Mwenye kituo akijua kwamba analipa ada, atauliza imefikaje kuwa mrabaha. Mwimbaji akijua kwamba amepokea kitu kisichokuwa mrabaha, atauliza orodha iko wapi. Maswali hayo mawili hayajaulizwa vya kutosha katika Meru na Embu, na hayawezi kuulizwa na mtu ambaye lugha yake haimpi maneno ya kuyaulizia.